Ekipe ya Marafiki na Ekipe ya Kupangwa



Jumamosi moja ya mwezi uliopita, kisha mechi ya mpira, kijana mmoja wa klasi za chini alinifuata chini ya muembe. Alikuwa na matope mpaka magotini. Ekipe yake ilikuwa imepigwa mabao 9 kwa 0, na waliowapiga ni sisi wafinalisti. Akavua mayo yake ya mpira, akaiweka mikononi mwangu, akasema: «Kapita, weye njo ulitupanga hivi. Siye hatuchezi tena.» Sikuwa na jibu. Nilikunja ile mayo nikairudisha depo. Jibu langu ni haya ninayoandika leo. Kama yataonekana marefu, mnivumilie, juu nimeyawaza siku mingi.

Wote mnajua kama kanuni ya ekipe za Jumamosi ni mimi niliyeiomba. Zamani mwalimu wa michezo alikuwa anatupanga mstari, tunahesabu moja, mbili, tatu, ine, na kila hesabu inakuwa ekipe yake. Sisi wakubwa tulinung'unika. Tulisema kama tumechoka kucheza na watu wasiojua kupitisha mpira. Mwanzo wa mwaka huu nikaenda kwa Diredisi kuomba kama kila mtu ajiunge na wale anaowapenda. Ruhusa ikatolewa. Tangu siku ile ekipe ya dortwari letu haijapoteza hata mechi moja, na bendera ya Jumamosi ikakaa juu ya mlango wetu. Kwa wasichana wa basketi ni vilevile: rafiki na rafiki, na bendera haihami.

Nilikuwa napita chini ya bendera ile na kusikia furaha. Sasa nataka kuuliza swali moja tu: bendera ile inasema nini? Inasema kama sisi ni wachezaji bora kuliko wengine? Ao inasema tu kama tulichaguana vizuri?

Jambo lililonisaidia kufahamu swali hili halikutoka katika kitabu cha klasi. Lilitoka katika mchezo wa ordinatere. Najua kuko walimu watakaokunja uso wakisoma neno hili. Wangoje kidogo mpaka mwisho, halafu wakunje kama wanataka.

Likizo ya Noeli nilikaa kwa mjomba, Bukavu. Mtoto wake wa kwanza, ninayemwita yaya, anasoma Ubelgiji, na alikuwa amekuja kuwasalimu wazazi. Usiku, wakati intaneti ilikuwa na nguvu kidogo, alicheza mchezo unaoitwa League of Legends. Ulitolewa mwaka 2009 na kampuni Riot Games ya Los Angeles, Marekani. Niliketi nyuma yake kama mtu anayetazama mechi akiwa nyuma ya goli. Siku za kwanza sikufahamu kitu. Kisha majuma mawili nilikuwa nimefahamu mambo mawili: ginsi mchezo unavyochezwa, na ginsi watu wanavyopangwa. Hilo la pili ndilo ninalotaka kuwaambia.

Ekipe ni mbili, watu 5 kwa 5. Kila ekipe iko na ngome, na inayobomoa moyo wa ngome ya wengine ndiyo inayoshinda. Mechi inaweza kuchukua nusu saa hivi. Kuko njia tatu, ya juu, ya kati na ya chini, na katikati ya njia hizo kuko pori. Basi kazi ni tano: mmoja anashika njia ya juu, mmoja anatembea porini, mmoja anakaa kati, na wawili wanakwenda chini, yaani mpigaji na msaidizi wake. Msaidizi ni sawa na beki wetu: akifanya kazi vizuri hakuna anayemtaja, akikosa mara moja wote wanapiga kelele.

Yaya alikuwa peke yake katika chumba cha mjomba. Wale tisa wengine walitoka wapi? Hakuwajua. Alibonyeza, akangoja dakika kidogo, na mashini ikamletea wenzake wine na wapinzani watano, kila mmoja kwake huko Ulaya. Nikamwuliza: «Yaya, nani anabachagua?» Akanijibu: «Hakuna mutu. Ni hesabu.»

Hesabu ile ina umri kuliko ordinatere za nyumbani. Ilitungwa kwa ajili ya sataranji, ule mchezo wa mfalme na askari juu ya ubao. Aliyeitunga ni Arpad Elo, mtu wa asili ya Hungaria aliyezaliwa mwaka 1903, akahamia Marekani akiwa mtoto, akafundisha fizika Milwaukee. Chama cha sataranji cha Marekani kilianza kuitumia mwaka 1960, na chama cha dunia kikaifuata mwaka 1970.

Wazo lake ni hivi. Kila mchezaji anabeba namba. Watu wawili wakiwa na namba sawa, tunangojea kila mmoja apate nusu ya alama za mechi zao. Mmoja akimzidi mwenzake kwa 200, tunangojea apate karibu 76 kwa 100. Akimzidi kwa 400, karibu 91 kwa 100. Kisha mechi namba zinasahihishwa. Tuseme kipimo cha kusahihisha ni 20. Mkubwa akimshinda yule aliye chini yake kwa 200, anaongezewa alama 5 hivi. Lakini mdogo akimshinda mkubwa, anaongezewa 15. Sababu ni wazi. Mkubwa akimpiga mdogo, hatujajifunza kitu ambacho hatukukijua. Tukiiweka ile 9 kwa 0 yetu katika hesabu ya Mzee Elo, bei yake ni karibu bure. Nasi tuliipigia ngoma usiku mzima.

Katika miaka yake ya kwanza, League of Legends ilitumia hesabu hiyo ya Elo na kila mtu aliona namba yake. Mwaka 2013 wenye mchezo wakaficha namba, wakaweka ngazi zenye majina: shaba, fedha, dhahabu, platini, almasi, na kilele juu yake. Lakini nyuma ya majina namba iliendelea kufanya kazi, na ndiyo inayotafuta watu wanaolingana. Mechi nzuri kwa mashini ile ni mechi ambayo hakuna anayejua mbele nani atashinda. Ekipe ikishinda siku zote, mashini haisemi kama ekipe ile ni ya ajabu. Inasema kama bado haijapata wapinzani wa kuilingana, na inaendelea kutafuta.

Sasa sikieni kuhusu zile kazi tano. Zamani, katika mechi za kupanda ngazi, watu walikusanywa mbele, na kazi waligawana kisha. Kila mmoja aliandika haraka-haraka kazi anayotaka. Wawili wakitaka kazi moja, ugomvi. Wengine waliharibu mechi kwa makusudi juu hawakupewa pahali pao. Tangu mwaka 2016 kila mtu anataja kazi mbili anazozijua mbele ya kuingia, na mashini inatafuta watano ambao kazi zao zinaungana. Mliokuwa uwanjani Jumamosi mnafahamu kwa nini nilipenda habari hii. Kwetu wote ni washambuliaji, na golini tunamsukuma mtoto aliye mdogo kuliko wote.

Lakini mwaka ule wa 2016 wenye mchezo walifanya badiliko lingine, na hapa ndipo mambo yanatugusa sisi.

Mbele yake kulikuwa na ngazi mbalimbali. Moja ilikuwa ya mtu anayeingia peke yake, ao na mwenzake mmoja. Nyingine ilikuwa ya ekipe kamili, watu wanaojuana, waliojiandikisha kwa jina la ekipe. Mwaka 2016 wakaziunganisha. Wakasema: mje ginsi mnavyotaka, mmoja, wawili, watatu, hata watano, ngazi itakuwa moja kwa wote. Nia yao haikuwa mbaya. Watu wanapenda kucheza na marafiki, na kumwambia mtu mwenye rafiki watatu kama hana pahali si neno zuri.

Kelele zikaanza. Aliyepanda ngazi peke yake alisema: mimi nimefika dhahabu kwa nguvu zangu, huyu amefika dhahabu akibebwa na marafiki zake wine, lakini majina yetu ni sawa, basi jina hili la dhahabu linasema nini? Mwingine aliingia peke yake akajikuta na watu wanaojuana, wanaosemezana kwa sauti kati yao. Yeye hasikii mipango yao, na mechi ikiharibika kosa linakuwa lake. Na kule juu, penye wachezaji wachache, kungoja kulikuwa kurefu, juu mashini ilitakiwa kulinganisha namba, kazi na makundi kwa mara moja.

Ngazi ile moja haikupita mwaka wake. Kwa msimu wa 2017 wakatenga tena: ngazi moja ya mtu peke yake ao wawili, na ngazi nyingine ya wazi kwa makundi. Kila ngazi na majina yake, bila kuchanganya. Halafu katika ile ya makundi, kanuni ikakataza watu wine kuingia pamoja. Wawili ndiyo, watatu ndiyo, watano ndiyo, wine hapana. Nilimwuliza yaya sababu. Akasema: «Waza weye mwenyewe. Bine wakiingia, wa tano ni nani?» Nikawaza. Wa tano ni mtu mmoja asiyejulikana, peke yake katikati ya marafiki wine. Wenye mchezo waliona ni heri kuwakatalia wine kuliko kumtesa mmoja.

Tufikiri kidogo juu ya neno hili, ndugu zangu. Watu wale ni wafanyabiashara. Wanataka fedha. Wangeweza kusema: wine ni wengi kuliko mmoja, tuwafurahishe wine. Lakini wanajua kama yule mmoja akifanyiwa hivyo mara mingi, ataondoka. Wakiondoka wengi wa namna yake, mashini haitapata watu wa kupanga, na wale marafiki nao watakosa wa kucheza naye.

Nisidanganye: haya yote nilikuwa nimeyaona na kuyasikia wakati wa Noeli, na niliporudi masomoni sikubadilisha kitu. Niliyaweka upande mmoja wa kichwa, na bendera yetu upande mwingine. Yaliungana siku ile ya mayo. Na hapa inanipasa kusema jambo ambalo wengi hawakulijua.

Ekipe ile iliyopigwa 9 haikuwa na watu 11. Walikuwa 9. Wawili walikuwa wamerudishwa nyumbani tangu Jumatano kutafuta franka za masomo, na mmoja wa wale wawili ndiye golikipa wao. Kapiteni wao alikuja kuniambia mbele ya mechi. Nilitazama saa, nikasema: «Tuanze, jua linakwenda.» Mimi ndiye niliyesema hivyo. Tulicheza 11 kwa 9, tukachukua bendera.

Mchezo wa yaya umewaza hata juu ya hilo. Mtu asipotokea mwanzo wa mechi, wenzake wanaruhusiwa kupiga kura na kuivunja mechi ile. Waliokuja hawahesabiwi kushindwa, kila mmoja anarudi kupangwa upya. Anayeandikiwa hasara ni yule aliyekosa. Lakini mtu akiondoka katikati, wanaobaki wanakuwa na shida. Niliona kwa macho yangu. Usiku mmoja Bukavu moto ilikatika mechi ikiwa katikati. Nyumba nzima giza, mashini ya intaneti imezimika. Yaya alikaa kitini akashika kichwa. «Siku moja utazoea,» mjomba akasema kutoka chumbani, akicheka. Yaya hakucheka. Alisema kama kuko watu wine huko, hawajui Bukavu ni wapi, na saa hii wanamtukana kwa haki. Alipofungua kesho yake alikuta onyo.

Mashini haikujua kama ni moto iliyokatika. Hapo ndipo mashini inashindwa na mtu. Mashini inaona pahali patupu tu, haioni sababu. Lakini mimi nilijua. Nilijua majina ya wale wawili na nilijua kwa nini hawako, na nikafanya vibaya kuliko mashini. Mashini ingewaruhusu wale tisa kuvunja mechi.

Sasa wengine watanijibu. Nimekwisha kuwasikia usiku katika dortwari, basi niwajibu hapa.

Wa kwanza anasema: «Kapita, dunia ni hivyo. Mwenye nguvu anashinda.» Ni kweli kama mwenye nguvu anashinda, na mimi sitaki tushindwe kwa makusudi. Lakini tunataka kujua kama tuna nguvu, ao hatutaki kujua? Mtu anayetaka kujua uzito wake hapandi juu ya kilo pamoja na mkungu wa ndizi. Tangu Septemba hatujajua kama mshambuliaji wetu ni hodari, ao kama ni wale kumi walio nyuma yake. Hata yeye mwenyewe hajui. Mwaka kesho atakwenda inivasite ao kazini, pahali asipomjua mtu, na kule ndipo atakapojua.

Wa pili anasema: «Urafiki ni kitu kizuri. Unataka kutuvunja?» Hapana. Watu wanaojuana wanacheza mpira mzuri, mmoja anajua mwenzake atakimbilia wapi bila kumtazama. Hiyo ni elimu ya kweli, na inastahili mashindano yake. Lakini ni kipimo kingine. Ekipe ya marafiki inapima ginsi tulivyozoeana. Ekipe ya kupangwa inapima kama unaweza kufanya kazi na mtu uliyepewa. Vyote viwili ni vizuri. Kosa la mwaka 2016 lilikuwa kuviweka juu ya ngazi moja, na ndilo kosa langu.

Wa tatu, na huyu ninamheshimu kuliko wengine, anasema: «Tukipangwa kwa lazima, mechi zitakuwa mbaya, na muda ni mufupi.» Ni kweli kama haki ina bei. Hata kule vitu vitatu vinapigana: kulingana kwa ekipe, muda wa kungoja, na kila mtu kupata kazi anayoipenda. Ukivuta kimoja, kingine kinapungua. Ndiyo maana mashini mara nyingine inampa mtu kazi asiyoichagua, ili wengine wasingoje mpaka asubuhi. Yaya, mtu wa njia ya kati, alipewa usaidizi usiku mmoja, akanung'unika, halafu akacheza vizuri kuliko siku zote. Sisi tuna masaa mawili tu mbele ya jua kuzama. Hatutapata vyote. Lakini tunaweza kuchagua tunachokipoteza, kuliko kumwachia mdogo apoteze kwa ajili yetu.

Basi, mimi niliyeleta kanuni ya kwanza, ninaomba Diredisi na mwalimu wa michezo waruhusu kanuni hizi kuanzia mwanzo wa trimestri inayokuja.

Kwanza, mashindano yawe mawili. Jumamosi ya kwanza na ya tatu, ekipe za kupangwa. Jumamosi ya pili na ya ine, ekipe za marafiki. Kila mashindano na bendera yake, na alama zisijumlishwe hata siku moja.

Pili, ekipe za kupangwa ziwe nne, na makapiteni wao wateuliwe na mwalimu. Wachague kwa zamu: 1, 2, 3, 4, halafu warudi kwa 4, 3, 2, 1, na kuendelea hivyo. Yule wa mwisho kuchagua mara ya kwanza anakuwa wa kwanza mara ya pili, na nguvu zinagawanyika. Ninaomba zaidi kama kuchagua kufanyike ndani ya klasi na orodha ya majina, mlango umefungwa. Mnajua wote ginsi mtu anavyosikia akibaki wa mwisho uwanjani, amesimama, wengine wanamtazama. Kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani hakuna anayejua nani alichaguliwa mwisho.

Tatu, kila mmoja aandike pahali pawili anapoweza kucheza. Goli tulilinde kwa zamu pale ambapo hakuna golikipa, wakubwa nao wakiwa ndani ya zamu, na jina langu liandikwe la kwanza.

Ine, ekipe ya marafiki ikikosa watu, isivute mtu mmoja peke yake. Ichukue wawili wanaojuana, ao isiongeze. Kidole kimoja hakivunji chawa, tunasema. Lakini tusisahau kile kidole kimoja kinachosukumwa katika mkono wa wengine.

Tano, ekipe ikipungukiwa watu kwa sababu inayojulikana, ugonjwa, salongo, kurudishwa nyumbani, ekipe nyingine ipunguze watu mpaka walingane, ao mechi ihamishwe. Asiyetokea kwa uvivu tu, ekipe yake isilipe, alipe yeye: Jumamosi moja akate majani.

Sita, kanuni hizi ziandikwe, zibandikwe, na zisibadilishwe katikati ya trimestri, hata kama ekipe ya kapita inashindwa. Zaidi sana kama ekipe ya kapita inashindwa.

Wafinalisti wenzangu, neno moja kwenu. Miezi hii tunasoma usiku kwa vikundi, na vikundi navyo ni vya marafiki: wenye hesabu pamoja, wasio na hesabu pamoja. Sisemi tuvivunje. Lakini mtihani wa Serikali ni ngazi ya mtu peke yake. Kila mmoja ataketi mbali na rafiki yake, na bahasha itakapofunguliwa hatabebwa. Ni heri kila mmoja ajijaribu peke yake leo, mbele ya siku ile.

Namaliza. Ijumaa iliyopita nilishusha bendera juu ya mlango wetu, nikaipeleka kwa mwalimu wa michezo aiweke mpaka jambo hili liamuliwe. Wenzangu wa chumba hawakufurahi. Mmoja alisema: «Sasa batatuchekelea.» Inawezekana. Mayo ya yule kijana nimeitoa depo, nimeifua, iko kwangu. Sikumpelekea bado. Nataka nimpe siku kanuni itakapobandikwa, juu nikimpa leo atanirudishia, naye atakuwa na haki.

Mwenye mawazo mengine aandike, amkabidhi mwalimu wa gazeti mbele ya siku ya kumi na tano. Hata akinipinga, atasomwa. Wa klasi za chini muandike zaidi, tumewasikia kidogo sana mwaka huu.



Kapita wa wanafunzi, mfinalisti